Wali wa Maziwa, Jumapili Mchana

Mzee aliyekuwa akigawa chapati alisimama mbele yangu, akasubiri. Nilikuwa nimeketi sakafuni kwenye zulia jembamba lililotandikwa kwa urefu wa ukumbi, miguu nimeikunja, kitambaa cha rangi ya machungwa nimekifunga kichwani, na sahani ya chuma yenye vyumba vyumba iko mbele ya magoti yangu. Nikanyoosha mkono wa kulia, kama mtu anayepokea chenji kwa konda wa matatu. Mzee hakuiachia chapati. Aliniangalia kwa upole, akasema kwa Kiswahili cha mtu aliyezaliwa na kukulia Kisumu: "Mikono miwili, kijana."

Nikaiweka yote miwili pamoja, viganja juu. Chapati ikatua pale, laini, ya moto, nyembamba kuliko zile za kwetu zenye tabaka na mafuta, imepakwa samli upande mmoja tu.

Nyuma yake alikuja kijana mwenye ndoo ya chuma na upawa, akanipakulia wali wa maziwa katika chumba kidogo cha pembeni mwa sahani. Nilionja kijiko kimoja. Ulikuwa na iliki, sukari, maziwa yaliyochemka mpaka yakawa mazito, na punje za mchele zilizolainika hadi zikakaribia kuyeyuka.

Nilishindwa kumeza.

Hiyo ilikuwa Jumapili ya wiki saba zilizopita. Tangu siku hiyo nimejaribu mara tatu kuandika makala nyepesi kuhusu raha ya kula na kusali katika mitaa ya Kisumu siku ya Jumapili, na mara zote tatu nimekwama kwenye kijiko kile. Leo nimeamua kuanzia hapo hapo nilipokwama.

Ngoma ya asubuhi

Siku yenyewe ilianza kama Jumapili zangu nyingi. Kabla ya saa mbili nilikuwa nimeshafika Kibuye, ambako soko hufurika Jumapili kuliko siku nyingine, wauza mitumba wakifungua marobota yao huku waumini wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresa wakipita katikati yao na nguo zilizopigwa pasi. Nilikunywa chai ya maziwa na mandazi mawili kibandani, kisha nikasimama kando ya barabara kuisubiri ngoma.

Ngoma hiyo ni ya kwetu. Nimezaliwa ndani ya African Israel Church Nineveh, kanisa ambalo Daudi Zakayo Kivuli alilianzisha mwaka 1942 huko Vihiga, na mtu aliyelelewa humo huutambua mdundo wake kutoka mbali hata akiwa usingizini. Kwanza huonekana bendera, kisha kanzu nyeupe, kisha vilemba vyeupe vya wanaume, halafu akina mama na watoto wanaokuja kwa mwendo ule ambao ni nusu kutembea na nusu kucheza. Nyanya alikuwa akisema kwamba ibada isiyopita barabarani haiwezi kusalimiwa na mtu. Nimeishi mitaa mitatu ya mji huu, na katika yote nimeona anavyosema: mwendesha boda husimama, mama wa mboga huitikia wimbo hata kama yeye ni wa kanisa jingine, na watoto wa Kiislamu wanaotoka madrasa hufuata nyuma hadi kona.

Nilipokuwa na miaka sita hivi nilimwona mzee wa Kisingasinga akivuka barabara, ndevu zake nyeupe, kilemba chake cheupe kimefungwa vizuri kuliko cha mchungaji wetu. Wakati ule sote tuliwaita Makalasinga, na hakuna aliyetuambia kwamba wana jina lao wenyewe. Nikamwuliza mama kama yule naye ni mtu wa Israel. Mama hakucheka. Alisema, "Huenda. Siku moja utamwuliza."

Ilinichukua zaidi ya miaka ishirini kwenda kuuliza.

Sakafu moja

Aliyenialika gurdwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga, ni mwenzangu wa kazini. Alikuwa amenialika mara nyingi, nami kila mara nilikuwa na sababu. Jumapili hiyo sababu ziliniishia, basi nilipomaliza kuwasindikiza watu wangu wa ngoma hadi kanisani na kusali nao sehemu ya kwanza, nikashuka mjini.

Nilivua viatu, nikanawa mikono, nikafunika kichwa. Ndani, chini ya dari ndogo ya kitambaa, kilikuwepo kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib, ambacho wao hukiheshimu kama mwalimu aliye hai, na mtu mmoja alikuwa akikipepea taratibu kwa mkono. Niliketi nyuma. Waliimba kwa kinanda cha mkono na tabla. Sikuelewa hata neno moja, lakini goti langu lilianza kufuata mdundo lenyewe, kama linavyofanya kwetu. Mwishoni wakapitisha haluwa ya unga wa ngano, samli na sukari, ya moto, ambayo huachwa viganjani mwa kila aliyeketi, na mafuta yake yakabaki vidoleni mwangu nilipokuwa nikishuka kwenda kwenye ukumbi wa chakula.

Chakula hicho huitwa langar. Chanzo chake ni Guru Nanak, mwasisi wa dini yao, aliyezaliwa Punjab mwaka 1469, katika jamii ambayo tabaka la mtu ndilo lililoamua anaweza kula karibu na nani. Yeye akawaketisha watu wote sakafuni, safu moja, chakula kimoja. Mapokeo yao husimulia kwamba hata Akbar, mfalme wa India, alipokwenda kumwona Guru Amar Das, mmoja wa warithi wa Nanak, ilimbidi kwanza aketi chini na kula pamoja na umati. Siku ile, kulia kwangu aliketi mlinzi wa duka la jirani, bado yuko ndani ya sare ya usiku, na kushoto kwangu mtu ambaye baadaye niliambiwa ana maghala mawili mjini. Mlinzi aliongezewa dengu mara tatu na hakuna aliyemtazama.

Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba jiko lile halipiki nyama. Jirani yangu Msabato, ambaye hagusi mumi kwa kuwa samaki huyo hana magamba, angekula pale bila kuuliza swali. Rafiki yangu wa Kaloleni, ambaye ni lazima ajue mnyama alichinjwa na nani, angekula. Mabanyani wasiogusa nyama kabisa wangekula. Nyanya, ambaye hadi anafariki hakuonja nguruwe, angekula na kuomba kuongezewa. Nilikuwa nikiwaza hayo, moyo wangu umejaa, nikijiona mtu wa bahati kuishi katika mji wa namna hii, ndipo yule kijana alipofika na ndoo ya wali wa maziwa.

Gorogoro mbili

Mwaka wa 2008 ulipoanza tulikuwa tukiishi mtaa wa Manyatta, ploti ya vyumba kumi na viwili, choo kimoja, mfereji mmoja. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Wasomaji wangu wa Kisumu hawahitaji kuelezwa juma lile baada ya matokeo ya urais kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007: risasi, moshi, barabara zilizofungwa kwa mawe na matairi. Maduka ya katikati ya mji, mengi yakiwa ya Wakenya wenye asili ya Asia, yalivunjwa, yakaporwa, mengine yakachomwa. Kilichobaki kichwani mwangu ni njaa. Kibuye kulikuwa kutupu. Sukari haikupatikana, unga ulipanda bei kila asubuhi, na mama, aliyekuwa akiuza nyanya na vitunguu, hakuwa na cha kuuza wala pa kukiuzia.

Usiku mmoja majirani wawili waliingia ploti na gunia la mchele.

Hakuna aliyeuliza limetoka wapi, kwa sababu kila mtu alijua. Liliwekwa katikati ya ua, likafunguliwa kwa kisu, na mwenye nyumba ya kwanza akaleta gorogoro lake, ule mkebe wa mafuta wa kilo mbili tunaoupimia nafaka. Kila nyumba ilipata gorogoro mbili. Hawakujaza kupita kiasi wala hawakupunja. Walisawazisha juu kwa kipande cha mbao, kwa haki kamili, kama vile lile gunia lilikuwa letu tangu mwanzo.

Mama alipika usiku ule ule. Nakumbuka harufu, na nakumbuka kwamba katikati ya sufuria alitia maziwa ya unga yaliyokuwa yamebaki kidogo pamoja na sukari ya mwisho, ili mdogo wangu aliyekuwa mgonjwa aweze kumeza. Ulikuwa wali wa maziwa. Haukuwa na iliki, lakini ulikuwa na utamu ule ule na ulaini ule ule. Nilikula mpaka nikalamba kijiko.

Mama mwenyewe alikunywa strungi, chai isiyo na maziwa. Niligundua hilo miaka kumi na saba baadaye, nikiwa nimeketi kwenye zulia la Masingasinga na kijiko kikiwa mdomoni.

Alasiri

Niliendelea na ratiba yangu kwa mwili tu. Kaloleni, mama wa rafiki yangu, ambaye ni Mnubi, alinipa gurusa, chapati za Kinubi, na mchuzi, akanilaumu kwa kula kidogo. Dunga, ufukweni mwa ziwa, niliagiza samaki aina ya ngege kama kawaida, nikamtazama mpaka akapoa, nikamfungia nyumbani kwenye karatasi. Jua lilizama ziwani vizuri sana siku ile. Sina zaidi la kusema kuhusu alasiri hiyo.

Ijumaa

Katika kanisa letu Ijumaa ni siku ya maungamo. Mtu husimama mbele ya wenzake, akasema alilotenda, na wengine wakamwombea. Ijumaa ya kwanza ibada iliporudi baada ya vurugu, mama alisimama. Alikuwa amevaa kanzu yake na msalaba ukiwa kifuani. Alisema, "Nimepika kisichokuwa changu, nikawalisha wanangu." Akaketi.

Nilitamani sakafu inimeze. Katika chumba kile walikuwepo akina mama kama arobaini, na kutokana na mazungumzo ya watoto wenzangu nilijua vizuri kwamba nyumba nyingi zilikuwa zimepata magunia yake, ya mchele, ya sukari, na moja la sabuni. Hakuna mwingine aliyesimama. Wazee walimwekea mama mikono, ngoma ikapigwa, watu wakaimba, na tulipotoka nje alionekana mwepesi. Kwa muda mrefu niliichukua hiyo kama hadithi ya ushujaa wa mama yangu, na bado ni hadithi ya ushujaa wake.

Lakini wiki hizi saba imenirudia kwa sura nyingine. Mama aliungama kwetu, watu waliokula pamoja naye. Mwenye mchele hakuwepo, na hakuna mzee hata mmoja aliyesema: sasa twende tukamwambie. Ilikuwa hatari kufanya hivyo wakati ule, nalielewa hilo. Miaka ikapita, hatari ikaisha, na hakuna aliyekwenda.

Mimi pia sikwenda. Nimepita mbele ya maduka yale labda mara elfu tano. Nimenunua humo daftari, nyaya za umeme, vitambaa vya harusi ya dada yangu. Nimepiga soga na wenye maduka kwa Kiswahili na kwa Kijaluo, maana wengi wao wanakizungumza Kijaluo vizuri kuliko mimi Mluhya. Na Jumapili zangu za kula mtaa hadi mtaa, ambazo nimekuwa nikizisifu kwa marafiki kama dalili kwamba mji wetu umepona, nilizifanya bila hata mara moja kuukumbuka ule mchele.

Jina la mji

Wazee husimulia kwamba jina la Kisumu limetoka kwenye neno la Kijaluo la kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana mali, kwa kuwa jamii za pande hizi zilikutana hapa wakati wa upungufu, mmoja na samaki, mwingine na nafaka, mwingine na mifugo. Reli ilifika ufukweni tarehe 20 Desemba 1901, na waliokuja nayo au baada yake, mafundi wa Punjab na wafanyabiashara wa Gujarat, waliingia kwenye desturi hiyo hiyo. Chapati ambayo sisi wa Vihiga hatuwezi kuisherehekea Krismasi bila yake ilikuja kwetu hivyo. Chai ya maziwa ya pale Kibuye pia, na sambusa.

Katika kutafuta chakula kwa namna ile, kila upande ulikuja na kitu mkononi. Sisi mwaka wa 2008 tulikuwa na njaa ya kweli, na sitakubali mtu aidharau njaa ile, lakini tulichukua bila kuacha kitu.

Juma la nne nilifikia uamuzi. Ningenunua mchele, nikaupeleke jikoni kwa Masingasinga, nao wauweke kwenye sufuria ya Jumapili, na habari ingekuwa imekwisha. Nilifurahi sana na mpango huo kwa siku mbili. Siku ya tatu nikiwa kwenye matatu nikajiuliza: lile duka lilikuwa la Msingasinga? Sikujua. Huenda lilikuwa la Mhindu, au la Mwismailia, au la Mbohora. Akilini mwangu wote walikuwa "Wahindi", na deni la mmoja ningeweza kumlipa mwingine yeyote mwenye sura inayofanana. Nilishtuka, kwa sababu waliovunja maduka yale walihesabu hivyo hivyo.

Vitunguu

Jumapili ya sita nilirudi mapema, bila mchele. Nilimwomba mwenzangu anipeleke jikoni, kwa sababu nilikuwa nimekula chakula chao na nilitaka angalau kuosha sahani. Nilipewa kisu na beseni la vitunguu. Kando yangu, akimenya viazi kwa kasi ambayo siwezi kuieleza, aliketi mzee yule yule wa chapati.

Nilimwambia.

Sikuwa nimepanga maneno. Nilisema kuhusu ploti, gunia, gorogoro, mama na strungi yake. Aliendelea kumenya hadi nilipomaliza, kisha akaweka kisu chini na kuuliza duka lilikuwa wapi. Nilimweleza nilivyosikia kwa majirani wakati ule: duka la kona, milango ya bati ya kijani, mizani kubwa ya shaba juu ya kaunta.

"Huyo hakuwa wa kwetu," alisema. "Alikuwa Mhindu, mtu mpole sana. Karakana yetu sisi walivunja vioo tu. Yeye walimaliza duka lote. Alihama mwaka ule ule."

Nilimwuliza kama naweza kuleta mchele hapa, kwa ajili yake. Alifikiri kwa muda mrefu. Nilidhani ningesikia neno la faraja, na kusema kweli ndilo nililokuwa nikilisubiri.

"Ukileta mchele tutaupika, na utakula pamoja nasi," alisema. "Lakini siwezi kupokea kwa niaba ya mtu mwingine."

Akachukua kiazi kingine. Baada ya kumenya viwili vitatu akaongeza kwamba mtoto wa ndugu yake huyo mtu bado yuko mjini, ana duka la vyombo vya nyumbani karibu na soko, na kwamba baba mdogo wake angali hai na huongea naye kwa simu. "Leo amefunga. Jumatatu hufungua saa mbili unusu."

Nilimaliza vitunguu. Nilikula kwenye safu, chapati nikaipokea kwa mikono miwili bila kukumbushwa, na wali wa maziwa, ambao siku hiyo pia ulikuwepo, niliumaliza wote.

Jioni nilimpigia mama. Siku hizi anaishi Vihiga, na Jumapili jioni huwa na sauti iliyokauka kwa kuimba. Nilimweleza kuhusu mzee, kuhusu duka la vyombo, na kwamba nafikiri kwenda kesho kutwa na mchele, ingawa sijui nitaanzaje, na huenda kijana yule akanifukuza. Nilimwambia pia kwamba nimeona mchele wa kilo ishirini na tano kwa bei nzuri, na kwamba gunia zima litaonekana la heshima zaidi.

Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika.

"Zilikuwa gorogoro mbili," alisema. "Peleka gorogoro mbili, umwambie ni zile. Na mniwekee nafasi kwenye gari, nakuja."